Mvi zako na kopo la krimu la wifi

Dada yangu wa Kirumba, pole sana. Umesema una miaka 48, unauza dagaa pale Mwaloni, na wifi yako amekuletea piko ya kuficha mvi na kopo la krimu ya kung'arisha ngozi lisilo na lebo, eti ujitengeneze kabla mumeo hajatafuta binti mbichi.

Hiyo krimu usiipake hata kidogo. Krimu nyingi za kuchanganya zina haidrokwinoni (kemikali ya kung'arisha ngozi), zebaki au steroidi kali (dawa ya kutuliza uvimbe). Zebaki hupenya ngozini ikaharibu figo. Steroidi huifanya ngozi nyembamba kama ganda la kitunguu, na kidonda kikitokea hakifungi upesi. Na wewe unashinda juani ukianika dagaa! Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini. Kama ulishaanza kuipaka kwa wiki kadhaa, mwone daktari wa ngozi akuelekeze namna ya kuiacha, maana steroidi ikiachwa ghafla uso huwaka.

Piko, kama unaitaka mwenyewe, paka kidogo nyuma ya sikio usubiri siku 2. Ikiwasha, achana nayo. Wapo wanaovimba uso mpaka macho yanafumba.

Kinachoniuma ni hiki: mumeo naye ana mvi, na watu wanamwita mzee kwa heshima. Mbona yeye hakuletewa kopo? Muulize kwa upole, mkiwa wawili tu, kama haya maneno ni yake. Huenda hajui lolote. Wifi naye mrudishie kopo lake, umwambie wazi kwamba mwili wako si kikao cha ukoo.