Mashirika mengi, kambi moja: kupanga misaada ya wakimbizi isigongane

Dalai Lama, kiongozi wa Watibeti, alitoka Lhasa, mji mkuu wa Tibet, tarehe 17 Machi 1959 na kuingia India mwishoni mwa mwezi huo. Maelfu ya Watibeti wakamfuata, wakivuka Himalaya kwa miguu. Serikali ya India ilifungua kambi za kuwapokea Missamari, huko Assam, na Buxa, Bengali Magharibi. Wafadhili walijitokeza haraka: kamati ya dharura ya Marekani iliyoanzishwa na mtangazaji Lowell Thomas, Tibet Society ya Uingereza, na wengine wengi. Ndani ya India iliundwa kamati kuu ya misaada chini ya mwanasiasa J. B. Kripalani ili michango ipitie mlango mmoja. Shirika lolote la kujitolea lingetafuta mlango wa namna hiyo kwanza, kabla ya kununua hata blanketi moja.

Mlango mmoja unahitaji daftari moja. Andika kitu kinachotakiwa, kiasi, aliyeahidi, tarehe aliyoahidi, kilichofika nchini, kilichoingia ghalani na kilichogawiwa. Ahadi na mzigo ulio ghalani visiandikwe safu moja kabisa. Vikichanganywa, kila shirika litaona blanketi "zipo", hakuna atakayenunua, na baridi itawakuta watu na shuka. Kikao kiwe kila wiki, siku ileile, kambini na si mjini, na wakimbizi wenyewe wawemo, wanawake kwa wanaume, kwa sababu wao ndio wanaojua kilichofika jikoni.

Chakula kihesabiwe kwa gramu. Mgao wa kawaida wa mtu mmoja kwa siku ni nafaka 400, kunde 60, mafuta 25, unga wa lishe 50, sukari 15 na chumvi 5, jumla karibu kilokalori 2,100. Kwa watu 1,000 kwa siku 30, hiyo ni tani 12 za nafaka, tani 1.8 za kunde na kilo 750 za mafuta. Ongeza kwa wanaofanya kazi nzito au wanaoishi kwenye baridi kali. Watibeti wengi walipelekwa kujenga barabara za milimani, ambako walikuwa na yote mawili. Ukileta nafaka nzima, panga na gharama ya kusaga. La sivyo familia zitauza sehemu ya mgao kulipia kinu, na hesabu yako ya kilokalori itabaki kwenye karatasi tu. Uliza pia watu wamezoea nini: Watibeti walikula tsampa, yaani unga wa shayiri iliyokaangwa, na chai yenye siagi na chumvi.

Maziwa ya unga yasigawiwe nyumba kwa nyumba. Yakikorogwa na maji machafu na kutiwa kwenye chupa, huleta kuhara kunakoua watoto wachanga. Yachanganywe na unga wa lishe kabla ya kugawa, au yapikwe na kunywewa papo hapo, chini ya uangalizi.

Mitumba husumbua kuliko inavyosaidia isipochambuliwa huko inakotoka. Watu walioshuka kutoka uwanda wa juu walihitaji pamba nyepesi kwenye joto la Assam. Walipohamishiwa barabarani milimani, wakahitaji sufu. Kwa hiyo robota liandikwe nje aina ya nguo, umri na msimu, na orodha ya mahitaji ibadilishwe kila watu wanapohamishwa.

Watu kutoka kwenye baridi na hewa kavu wakibanwa pamoja penye joto na unyevu, kuhara na kifua kikuu hupata mwanya. Maji yawe lita 15 kwa mtu kwa siku, na choo kimoja kwa watu 20. Chanjo ya surua isisubiri mgonjwa wa kwanza. Tiba ya kifua kikuu usiianze bila uhakika kwamba mgonjwa atakuwepo hadi mwisho, au kwamba kadi yake itamfuata aendako. Dawa zikikatizwa, vijidudu hujenga usugu.

Kwa watoto tunasisitiza zaidi. Mwezi Mei 1960, watoto 51 kutoka kambi za wajenzi wa barabara walifikishwa Dharamsala, mji wa kaskazini mwa India, na kituo kilichowapokea ndicho kilichokua kuwa Tibetan Children's Village, makao na shule ya watoto wa Kitibeti. Miaka hiyohiyo wengine walipelekwa kwenye familia za kulea Uswisi, na baadhi yao walikuwa na wazazi hai. Mtoto asivushwe mpaka wa nchi kabla ya fomu kujazwa: majina yake yote, kijiji, picha, aliyeonekana naye mara ya mwisho, na idhini ya ndugu wa karibu. Fedha za wafadhili wa mtoto mmoja mmoja ziingie mfuko wa nyumba nzima. Zawadi za peke yake huwagawa watoto wanaolala chumba kimoja.

Ardhi ya kulima ndiyo huwezesha kambi kufungwa. Jimbo la Mysore, kusini mwa India (leo Karnataka), lilitoa ekari 3,000 huko Bylakuppe, na makazi yakaanza mwanzoni mwa miaka ya 1960. Palikuwa msitu, na tembo waliharibu mazao. Anayepanga makazi ya aina hii atenge fedha za kufyeka, mbegu, visima na walinzi wa mashamba usiku, na asipunguze mgao wa chakula mpaka mavuno yawe yamepimwa ghalani.