Akiba za Vikundi na Deni la Vita: Majibu kwa Wasomaji

Wiki mbili zilizopita nilieleza katika safu hii namna Uingereza ilivyotumia vikundi vya kuweka akiba kugharamia Vita Kuu ya Kwanza, na namna vikundi hivyo vilivyoendelea kwa miaka mingi baada ya mizinga kunyamaza. Barua zimekuja nyingi kutoka Moshi, Arusha na vijiji vya njiani. Nimechagua sita, nimezifupisha, na majina nimeyaacha.

Mwalimu, sisi wanakikoba tunaweka hisa za shilingi elfu mbili mbili. Visenti kama hivi vinawezaje kubeba deni la taifa? (Mama wa kikoba, Pasua, Moshi)

Dada yangu, peke yake havibebi, na sitaki kukudanganya. Deni la Uingereza lilikuwa takriban pauni milioni 650 mwaka 1914, na kufikia mwaka 1919 lilikuwa limepita pauni bilioni 7. Sehemu kubwa ya fedha hizo ilikopwa kwa mabenki, kampuni za bima, watu wenye mali na Marekani. Hata hivyo, serikali iliona kwamba mishahara ya viwandani, iliyokuwa imepanda kwa sababu ya kazi za vita, ilikuwa ikienda sokoni kugombea bidhaa chache na kupandisha bei kwa kila mtu. Kwa hiyo mwaka 1916 ikaundwa Kamati ya Taifa ya Akiba za Vita, iliyoongozwa na Robert Kindersley, na ikatolewa hati ya akiba ambayo mfanyakazi wa kawaida angeweza kuifikia: unainunua kwa shilingi 15 na peni 6, na baada ya miaka mitano unalipwa pauni moja kamili, yaani shilingi 20, bila kukatwa kodi ya mapato.

Naomba uitazame bei hiyo kwa makini, kwa maana werevu wote wa mpango ule umo ndani yake. Shilingi yao ilikuwa na peni 12, kwa hiyo hati moja ilikuwa peni 186, ambazo ni peni sita mara 31. Kadi ya mwekaji ilikuwa na vyumba 31 vidogo, na kila chumba kilibandikwa stempu ya peni sita. Mtu aliyeweka peni sita kila wiki akiwa peke yake angesubiri wiki 31 kabla ya kushika hati, na muda wote huo fedha yake isingezaa chochote. Lakini watu 31 wa karakana moja wakichanga peni sita zao siku ya mshahara, hati moja inanunuliwa wiki ile ile na kuanza kuhesabiwa muda tangu siku ile, kisha wiki inayofuata inanunuliwa nyingine, mpaka kila mmoja amepata yake. Wewe uliyewahi kucheza upatu umekwisha kuielewa hesabu hii bila mimi kuongeza neno. Tofauti ni kwamba zamu inapokufikia hupokei fedha za kwenda kununulia vyombo au mabati, bali unapokea hati, na fedha zenyewe zinakuwa mikononi mwa Hazina kwa miaka mitano.

Kwa hiyo faida ya visenti kwa taifa ilikuwa mbili. Hazina ilipata mkopo wa ndani, usiohitaji dola wala dhahabu, na soko lilipunguziwa wanunuzi katika kipindi ambacho halikuwa na cha kuwauzia.

Shikamoo mwalimu. Naelewa akiba wakati wa vita, lakini vita vikiisha watu si wanastahili kupumua na kutumia fedha zao? (Mwanafunzi, Chuo Kikuu cha Ushirika, Moshi)

Marahaba. Wanastahili kabisa, na ndiyo maana wakati ule ni mgumu kuliko tunavyoudhania. Vita vinapokwisha, watu wana fedha walizozikusanya na hamu waliyoizuia kwa miaka, ilhali viwanda bado vimepangwa kutengeneza risasi, meli zimezama, na askari wanarudi nyumbani wakitafuta kazi. Fedha hizo zote zikifunguliwa kwa siku moja, bei zitaruka na akiba yenyewe itapungua thamani mikononi mwa mwenyewe.

Baada ya Vita Kuu ya Pili kumalizika mwaka 1945, Uingereza ilikuwa imechoka kiasi cha kukopa dola bilioni 3.75 kutoka Marekani mwaka 1946, na mgawo wa vyakula haukumalizika mpaka mwaka 1954. Katika miaka hiyo vikundi viliendelea viwandani, mitaani na shuleni; mtoto alikwenda darasani na peni sita zake akanunua stempu yenye picha ya Binti Mfalme Anne, akaibandika kwenye kitabu chake. Kamati ile ilivunjwa mwaka 1978, zaidi ya miaka 30 baada ya vita vya pili kumalizika. Mwenye kujifunza ushirika atazame hapo: watu wa kujitolea, wasiolipwa mshahara, waliopita nyumba kwa nyumba kila wiki kwa kipindi kirefu kiasi hicho.

Wakati wa vita vya Kagera nilitoa ng'ombe dume, na jirani yangu alitoa magunia mawili ya mahindi. Je, hiyo haikuwa akiba ya taifa? (Mzee wa Usa River)

Shikamoo mzee wangu, na asante kwa ng'ombe yule. Ulilolifanya lilikuwa kubwa kuliko akiba, lakini halikuwa akiba. Ulitoa mchango, na mchango haurudi, wala mtoaji hautarajii urudi. Akiba ni mali yako hata ikiwa mikononi mwa mwingine. Ina tarehe ya kurudi, ina kiasi cha kurudi, na ina karatasi inayosema hivyo. Nalisisitiza jambo hili kwa sababu nimeona mara nyingi, hata katika vikundi vyetu, viongozi wakiyachanganya maneno haya mawili, na kila yanapochanganywa anayeumia ni yule mwenye kidogo.

Vita vile, vilivyoanza mwaka 1978 na kumalizika katikati ya mwaka 1979, vinakadiriwa kuigharimu Tanzania takriban dola milioni 500. Gharama hiyo iliikuta nchi miaka miwili tu baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika, mpaka wa Kenya ukiwa umefungwa, na bei ya mafuta duniani ikipanda kwa kasi. Mwalimu Nyerere alituomba tufunge mikanda kwa miezi 18. Miezi hiyo ilipita, na sisi tuliokuwa vijana tunazikumbuka foleni za sukari na sabuni katika miaka iliyofuata, ambapo mtu alipanga jiwe lake mbele ya duka tangu usiku ili lishike nafasi yake, akarudi asubuhi akakuta mawe ishirini na bidhaa hakuna.

Hatukuwa na hati ya akiba ya peni sita. Naamini ingekuwapo, na ingepitia kwenye vyama vya msingi vya ushirika, wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro wangeinunua, kwa kuwa walikuwa wamezoea kuaminiana kwa maandishi tangu enzi za KNCU, chama chao kikuu cha ushirika kilichoundwa mwaka 1933. Lakini vyama vya ushirika vilikuwa vimevunjwa mwaka 1976. Wakati taifa lilipohitaji kukopa kwa wananchi wake kidogo kidogo, mlango wa kupitia ulikuwa umefungwa. Hilo hunisikitisha hadi leo.

Je, waliowakopesha serikali zao kwa ajili ya vita walilipwa kweli? (Msomaji wa Ngarenaro, Arusha)

Wengine walilipwa, wengine walilipwa karatasi. Ujerumani ilitoa mikopo tisa ya vita kati ya mwaka 1914 na 1918, na wananchi wake wakaichangamkia, walimu, makarani na wajane miongoni mwao. Baada ya kushindwa, serikali iliendelea kuchapisha fedha, na mwezi Novemba 1923 dola moja ya Marekani ilifikia marki trilioni 4.2. Mtu aliyekopesha marki elfu kumi, fedha ya kununulia nyumba ndogo au kusomeshea watoto, alidai elfu kumi ambayo isingemnunulia hata kipande cha mkate. Deni lilifutika bila mtu yeyote kutamka kwamba limefutwa.

Uingereza haikufika huko, lakini nayo haikuwa na mikono safi kabisa. Mkopo wake mkubwa wa vita uliokuwa ukilipa riba ya asilimia 5 ulibadilishwa mwaka 1932 ukawa wa asilimia 3.5, huku wenye hati wakiombwa wakubali kwa ajili ya nchi, na masalio yake yalilipwa mwaka 2015 tu, fedha ikiwa imekwisha kupoteza sehemu kubwa ya thamani yake.

Sisi tunalijua jambo hili kwa shilingi yetu. Mwaka 1979 dola moja ilikuwa takriban shilingi 8. Mwishoni mwa mwaka 1986 ilikuwa imepita shilingi 50. Kwa hiyo mtu akikuomba umkopeshe kwa miaka kumi, usimuulize riba tu. Muulize bei za vitu zinapanda kwa kasi gani, na riba yake inaizidi kasi hiyo au inaachwa nyuma.

Hakuna mfano wa karibu zaidi ya Ulaya? (Mfanyabiashara, Himo)

Upo Rwanda. Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, na kwa hatua za taratibu, nchi ile ilijenga upya imani ya watu kuweka fedha pamoja. Kuanzia mwaka 2008 serikali ilisimamia uundwaji wa SACCOS moja katika kila tarafa ndogo wanayoiita umurenge, na tarafa hizo ni 416. Mwaka 2012 ukaanzishwa pia mfuko wa Agaciro, ambao wananchi waliuchangia. Utaona kwamba hapo pana mambo mawili tofauti, akiba ya SACCOS na mchango wa mfuko, na kila kimoja kina jina lake na daftari lake.

Kikundi chetu kina fedha kidogo. Tunaweza kuikopesha Serikali bila kusubiri vita? (Kina mama wa Kiboriloni)

Mnaweza. Hatifungani za Serikali, yaani hati za mkopo mnaoipa Serikali, huuzwa na Benki Kuu kwa mnada, kiwango cha chini ni shilingi milioni moja, na riba hulipwa kila baada ya miezi sita. Ila kwanza kikundi kiwe kimesajiliwa halmashauri, kama Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavyotaka, kisha mwende benki yenu na muhtasari wa kikao mwulizie taratibu za kufungua akaunti ya dhamana, yaani ile ya kutunzia hatifungani, kwa jina la kikundi. Lisiwe jina la mweka hazina, hata kama ni mtu wa kuaminika.

Nasema hivyo kwa uchungu. Kikundi nilichokuwa mwanachama miaka mingi iliyopita kilikuwa na sanduku la kufuli tatu, kama desturi ilivyo, na funguo tatu kwa watu watatu. Mmoja alisafiri akaacha wake kwa mwenzake, wa pili akaugua, na kwa miezi minne funguo zote zilikaa mfuko mmoja. Siku ya kuvunja kikoba tulifungua tukakuta madaftari tu, yamepangwa vizuri.

Wala msiweke yote huko. Fedha ya mfuko wa jamii, ile ya msiba na ugonjwa, ibaki mahali mnapoweza kuichukua siku hiyo hiyo. Mnachopeleka kwenye hatifungani kiwe kile ambacho kila mwanachama, akisimama mmoja mmoja mbele ya kikao, amesema hatakihitaji kwa muda wote ulioandikwa, na katibu awe ameliandika jibu la kila mmoja kwa jina lake.