Bi mkubwa asiache metformini kwa ajili ya unga wa mitishamba

Mkuu, umeuliza kama bi mkubwa aache metformini, kidonge chake cha kisukari, na kidonge cha lehemu (kolesteroli), ahamie kwenye unga wa karela, mlonge na mdalasini aliouziwa duka la dawa za Kisunna kwa ahadi kwamba atapona kabisa. Mimi nina kisukari aina ya pili na lehemu iliyopanda, na mimea natumia kila siku. Asiache. Mimea iongezeke juu ya vidonge, na kila mmoja upimwe kwa mashine.

Uwatu ndio niliouona ukifanya kazi. Naloweka kijiko kikubwa usiku, asubuhi nakunywa maji na kutafuna mbegu zenyewe. Ule ute ni nyuzinyuzi: chakula kinatoka tumboni taratibu, na sukari inaingia kwenye damu polepole. Nikipima saa mbili baada ya ugali, siku za uwatu namba huwa chini kidogo. Nasema kidogo, maana sahani ikijaa ugali hata uwatu unashindwa. Wanaokunywa maji wakatupa mbegu wanatupa sehemu kubwa ya faida.

Karela naila kama mboga, nimekata vipande na kukaanga na kitunguu. Kuna watu inawashusha kweli, na hapo ndipo pa kuangalia: aliye kwenye glibenklamidi (kidonge kingine cha kushusha sukari) au insulini akiongeza juisi ya karela anaweza kuteremka chini ya 4 (mmol/L) kwenye mashine, aanze kutoka jasho na kutetemeka. Mlonge kwangu haukubadilisha namba yoyote, ila majani yake ni mboga nzuri. Mdalasini weka kwenye chai, lakini usile kwa vijiko. Mwingi unaouzwa ni wa aina ya kasia, wenye kumarini, ambayo ikizidi huumiza ini.

Wale wanaomwambia metformini ni "kemikali ya wazungu" waulize ilitoka wapi. Asili yake ni Galega officinalis, mmea uliotumiwa na waganga wa Ulaya tangu zamani. Mmea wenyewe una sumu, hata kondoo wakiula sana hufa. Wanakemia wakatafuta kiini chenye nafuu, na mwaka 1957 daktari Jean Sterne wa Ufaransa akachapisha matokeo ya kuwatibu wagonjwa wa kisukari kwa metformini.

Lehemu ni kesi nyingine kabisa, kwa sababu haiumi. Mtu anasema "najisikia mwepesi" huku LDL, ile lehemu mbaya, iko palepale. Kinachosaidia bila ubishi ni uji wa shayiri, maharage, dengu, na kupunguza mafuta ya kuganda. Statini, yaani vidonge vya kushusha lehemu, nazo zilianzia kwenye ukungu: lovastatini ilitolewa kwenye Aspergillus terreus, ikaruhusiwa Marekani mwaka 1987. Kuna mchele mwekundu wa Kichina uliochachushwa ambao una kiini hichohicho, kwa hiyo anayeumeza pamoja na statini anajiongezea dozi bila kujua. Kama kidonge chake ni simvastatini au atovastatini, apunguze balungi pia. Tunda hilo huzuia mwili kuivunja dawa, ikalundikana.

Sasa huo unga. Unaoshusha sukari kutoka 18 hadi 6 kwa siku mbili unanitisha kuliko usiofanya kitu. Singapore mwaka 2008, watu zaidi ya mia moja waliteremka sukari vibaya kwa dawa za nguvu za kiume, baadhi zikiuzwa kama za asili. Ndani mlikutwa glibenklamidi. Wanne walifariki. Muulize muuzaji namba ya usajili wa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Akianza hadithi ndefu, acha hapo.

Apime HbA1c (wastani wa sukari ya miezi mitatu hivi) na lehemu sasa, kabla ya kuanza chochote. Vidonge viendelee, aongeze mmea mmoja tu, tuseme uwatu, kisha arudie vipimo baada ya miezi mitatu. Akichanganya mitatu hamtajua upi umefanya nini. Kliniki aende na hilo kopo mkononi, na kama kuna dozi ya kupunguza, apunguze daktari aliyeona karatasi zote mbili za majibu, ya kabla na ya baada.

Halafu nijibu hili: anatumia metformini peke yake, au kuna glibenklamidi pembeni? Kama ipo, asubiri kliniki kabla ya kugusa karela.