Maski ya kupumulia ikivuja, usikimbilie kukaza mikanda

Miezi miwili ya kwanza niliamka kila siku macho mekundu, kama niliyelala kando ya moto wa kuni. Nina ugonjwa wa pumzi kukatika usingizini, ule uitwao slip apnia, na daktari alinipa mashine inayosukuma hewa puani usiku kucha ili koo lisijifunge. Mashine haikuwa na ila. Hewa ndiyo iliyokuwa ikipenya juu ya pua na kunipiga machoni, na kila ilipopenya nilikaza mikanda. Nikienda kuswali alfajiri, alama za mikanda zilikuwa bado mashavuni, na kidonda kilianza kwenye mfupa wa pua. Uvujaji ukazidi.

Naandika haya kwa sababu nawajua watu wawili hapa Kisauni walioziweka mashine zao kabatini kwa sababu hiyo hiyo. Wamerudi kukoroma na kusinzia mchana, na mmoja wao ni dereva wa matatu. Jambo hilo halinipi raha hata kidogo.

Shida hii ina umri wa mashine yenyewe. Daktari Colin Sullivan wa Sydney alipochapisha habari za tiba hii mwaka 1981, kuzuia hewa isitoke pembeni kulihitaji kuziba kwa silikoni. Leo tuna mpira laini wenye utando mwembamba, na utando huo umetengenezwa ujae hewa na kuuegemea uso. Ukiukaza kwa nguvu unakunjika, na hewa hupita penye mkunjo. Mimi sikuelezwa hivyo nilipokabidhiwa maski. Laiti ningeelezwa.

Basi fanya hivi. Usiivae ukiwa umekaa mbele ya kioo, maana uso wa aliyelala si uso wa aliyekaa, mashavu huteremka. Legeza mikanda yote, lala kwa ubavu uliouzoea, uwashe mashine. Ingoje ifikie nguvu yake ya usiku, kwani mashine nyingi huanza taratibu kisha hupanda, na maski iliyotulia kwenye kipimo cha 4 huweza kuvuja ikifika 12. Hapo ivute maski mbele kidogo, utando ujae, kisha uiachie itue. Ndipo ukaze, kulia na kushoto kwa pamoja, kidogo kidogo, na uishie pale hewa inapoacha kutoroka. Kidole kipite chini ya mkanda bila taabu. Usiku wa kwanza nilipofanya hivi nililala hadi adhana.

La pili ni mafuta. Sisi wa pwani tumepakwa mafuta ya nazi tangu utotoni, na mimi nilikuwa najipaka usoni kabla ya kulala. Maski haishiki ngozi yenye mafuta, tena mafuta huichakaza silikoni. Ongeza jasho la mwezi wa Machi, kabla ya mvua za masika, na maski itateleza kama sabuni. Sasa naosha uso kwa sabuni kila usiku, na asubuhi naosha ule mpira kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, nauanika kivulini. Spiriti na Jik usivitumie. Kama nyumbani mnatumia maji ya kisima, ambayo hapa mara nyingi yana chumvi, suuza mwisho kwa maji ya kunywa.

Ndevu nazo. Maski kubwa inayofunika pua na mdomo hupitisha hewa katikati ya ndevu, na zangu sikuwa tayari kuzinyoa. Nilihamia ile ndogo yenye vijimto viwili vinavyokaa mlangoni mwa pua, haigusi ndevu kabisa. Ila ukiwa na maski ya pua tu na mdomo ukaachama usingizini, hewa hutokea huko na unaamka koo kavu. Kwanza tibu pua iliyoziba. Mkanda wa kidevu huwasaidia wengine. Kuziba mdomo kwa plasta usijaribu bila kuzungumza na daktari.

Na kuna hewa ambayo lazima itoke. Vile vitundu vidogo vya mbele vimewekwa ili pumzi chafu unayotoa isikurudie. Mke wangu alikuwa akilalamika, “Baba Salma, hiyo mashine yako yanivumia usoni,” nami nikataka kuviziba. Bahati niliuliza kwanza, nikaambiwa visizibwe kamwe. Geuka upande wa pili, basi.

Bomba la hewa lilinisumbua kwa sababu ya neti. Lilipita chini ya neti, likabanwa na godoro, nami nikigeuka linaivuta maski. Sasa linapita juu ya kichwa, nimelifunga kwenye nguzo ya kitanda kwa kipande cha leso kuukuu, na nimeliachia urefu wa kutosha kugeukia.

Angalia pia namba. Mashine nyingi huweka kumbukumbu ya uvujaji. Kwa zile za kampuni ya ResMed, kikomo ni lita 24 kwa dakika. Ukizidi hapo usiku baada ya usiku licha ya yote haya, huenda mpira umechakaa au saizi si yako. Nenda na maski kliniki, uombe kulala kitandani uivae mbele yao hewa ikipuliza. Usikubali kupimwa ukiwa kwenye kiti.

Yule dereva nimemwomba aje kwangu Ijumaa baada ya Isha, na mashine yake na maski yake. Kitanda kipo, tutailegeza mikanda yote na kuanza upya.