Bauman hakuilaumu familia
Ndugu yangu, umeuliza kama Zygmunt Bauman, mwanasosholojia mzaliwa wa Poland, anasema vijana wa Kisauni hapa Mombasa wanashika mapanga kwa sababu familia zimevunjika. La, hasemi hivyo, na kuwatwika kina mama lawama zote ni dhuluma. Kitabu chake cha 1989 kuhusu mauaji ya Wayahudi kinaeleza kuwa ukatili ule uliwezeshwa na usasa wenyewe: ofisi, mafaili, kazi kugawanywa hadi karani asimwone anayekufa. Mapenzi na ujirani aliviandikia kitabu kingine, Liquid Love, mwaka 2003: watu siku hizi hufunga fundo legevu, lifunguke upesi. Hilo naliona hapa Mombasa. Barazani tumejaa, lakini mtoto wa jirani akitukana hakuna anayethubutu kumkanya. Anza na hicho cha 2003.