Tamthilia Yako Ikiingia Kwenye Filamu, Mnyamazishe Mhusika

Dada mmoja wa Kayole ameniandikia. Kundi lao lina tamthilia ambayo watazamaji huilia, na sasa wanataka kukodi kamera waipige filamu vilevile ilivyo. Dada yangu, usiipige vilevile ilivyo.

Tamthilia yangu ilipochezwa Kenya National Theatre, kilele kilikuwa uzungumzi nafsia wa Mama. Alisimama peke yake kwenye mwanga akisimulia jinsi mwanawe alivyouza shamba la Murang'a kwa siri. Nilipoandika mswada wa filamu, niliyafuta maneno yote hayo. Mama anavuta sanduku kutoka chini ya kitanda, anatoa hatimiliki, anapitisha kidole palipo na muhuri. Karatasi ni laini. Ni fotokopi. Anairudisha kwenye bahasha, kisha anakwenda kumpikia mwanawe chai.

Wenzangu wa jukwaani walinisema. Mmoja, tuliyekula naye sahani moja miaka mingi, alitangaza mbele ya waigizaji kwamba nimeichinja kazi. Bado yananiuma. Lakini filamu ilipooneshwa mwezi uliopita, watu walishika vichwa kwenye fotokopi ileile, na najivunia hilo waziwazi.

Mtu wa safu ya nyuma ukumbini haoni kidole wala muhuri, lazima aambiwe. Kamera humwonesha, kwa hiyo ukimwambia tena unamchosha. Peter Shaffer alilijua hilo. Katika tamthilia yake Amadeus ya 1979, Salieri, mtunzi wa muziki anayemwonea wivu mwenzake Mozart, huzungumza na watazamaji moja kwa moja. Kwenye filamu ya 1984, ambayo mswada wake aliuandika mwenyewe, Salieri anaungama kwa kasisi kijana, nasi tunauona uso wa anayesikiliza. Filamu hiyo ilipata Oscar 8.

Waigizaji wako nao wapunguze sauti. Wamezoea kuirusha hadi mlangoni. Mbele ya kamera inakuwa kelele. Fanyeni mazoezi mkiwa mmeketi meza moja.

Na vijana wenzangu, acheni kuchukua tamthilia za watu! Kwa sheria ya Kenya haki ya kuigeuza kazi ni ya mwandishi, na hudumu miaka 50 baada ya kifo chake. Kama tamthilia si yenu, mtafuteni mwandishi au warithi wake, muandikiane na kutia sahihi kabla hamjakodi kamera.