Kwa nini intaneti ya kupiga simu ilikuwa ghali

Ndugu, umeuliza kwa nini zamani tulilipa pesa nyingi kwa intaneti iliyokuwa ikijikokota. Modemu ya simu ya mezani, kifaa kilichounganisha kompyuta na laini ya simu, mwisho wake kilobiti 56 kwa sekunde: wimbo wa megabaiti 5 ulimaliza kama dakika 12, laini ikitulia, na muda wote huo dakika za simu zinahesabiwa na anayekupigia hakupati. Kubwa zaidi, njia yetu Afrika Mashariki ya kuunganishwa na intaneti ya nje ilikuwa setilaiti, na setilaiti ni ghali mno. Mkongo wa baharini wa SEACOM, yaani kebo ya intaneti iliyolazwa chini ya bahari, ulipoanza kufanya kazi Mombasa na Dar es Salaam Julai 2009, ndipo mambo yakaanza kubadilika. Sasa kazi imebaki kuutoa mtaani hadi sebuleni. Kabla hujalipia kuunganishwa nyumbani, waulize majirani waliounganishwa kasi ikoje saa 2 usiku, kila mtu akiwa nyumbani.